Namna ya Kuseti Besi ya Mtindo wa Jazz Bass na Kupata Sauti Zake Zote: Mwongozo Kamili

Malalamiko yanayorudi kila mara kutoka kwa wapiga besi wanaoanza ni yale yale: besi ya mtindo wa miaka ya 1960 imenunuliwa, ina pikapu mbili (vipokezi vya sumaku vinavyonasa mtetemo wa nyuzi) na vitufe vitatu, nyumbani inasikika vizuri, lakini ikiingia kwenye bendi sauti yake inapotea, au inavuma, au inabaki ngurumo isiyo na noti. Wengi hukimbilia ekwalaiza ya amplifaya na kuzidi kupotea. Mara nyingi chanzo ni kuruka hatua: pikapu zimeinuliwa kabla shingo haijawekwa sawa, intonesheni (usahihi wa noti kwenye kila freti) imepimwa kwa nyuzi zilizochoka, na vitufe vyote vimeachwa kwenye 10 tangu siku ya kununua.

Mwongozo huu unahusu Fender Jazz Bass na besi zilizoundwa kwa kuiga umbo lake: nyuzi nne, inchi 34 (takriban milimita 864) kutoka kizingiti (kipande chenye mifereji ya nyuzi karibu na kichwa) hadi darajani, pikapu mbili za koili moja moja, volyumu mbili, toni moja, bila betri. Wenye vitufe vya ghorofa mbili (kimoja juu ya kingine) au besi ya betri wafuate hatua zote, kisha wasome maelezo yao mwishoni mwa Hatua ya 7.

## Vifaa unavyohitaji

- Seti moja mpya ya nyuzi za besi za urefu wa inchi 34. Unene wa 45 hadi 105 (elfu za inchi) unafaa kuanzia.
- Kifaa cha kutuni au programu ya simu. Hakikisha inasoma uzi wa E mtupu, ambao uko kwenye hertzi 41.2, kwa sababu programu nyingi za bure huyumba huko chini.
- Rula ya chuma yenye alama za nusu milimita.
- Fila geji, zile bapa nyembamba ambazo mafundi magari hupimia nafasi za valvu. Gereji yoyote inaweza kukuazima.
- Bisibisi ya nyota, bisibisi bapa, na funguo za L zenye pembe sita zinazoenea kwenye vikalio (vipande vidogo vya chuma vinavyobeba nyuzi darajani) na fimbo ya shingo ya besi yako.
- Kapo (kibanio cha kubana nyuzi shingoni), au mtu wa kukusaidia kubana uzi kwenye freti ya kwanza.
- Koleo la kukatia waya, kitambaa laini, na spreyi ya kusafishia sehemu za umeme.
- Kebo nzuri isiyozidi mita 6.

Pasi ya kulehemu haihitajiki. Ukijikuta unaitafuta kabla ya kumaliza Hatua ya 7, rudi nyuma.

## Hatua ya 1: Hakikisha umeme ni salama

Nyuzi za besi zimeunganishwa na erthi ya amplifaya kupitia daraja. Maana yake ni kwamba soketi ikiwa na hitilafu, mikono yako ndiyo itakayopokea umeme, hasa midomo yako ikigusa maikrofoni iliyounganishwa na mtambo mwingine.

Pima soketi kwa kipima-soketi cha taa tatu. Kisha chomeka besi, ongeza sauti kidogo, na usikilize mvumo huku hujagusa nyuzi. Ukizigusa, mvumo unapaswa kupungua. Hiyo ndiyo dalili kwamba waya wa erthi wa daraja uko sawa. Mvumo ukiongezeka, au ukihisi kuchomwachomwa vidoleni, zima amplifaya ukutani na umwite fundi umeme.

Kuchomeka plagi ya pini mbili kwa kusukuma kijiti kwenye tundu la juu la soketi ni mazoea ya nyumba nyingi. Kwa amplifaya ya gitaa, mazoea hayo yanaweza kuua. Vivyo hivyo, usikate pini ya erthi ili kuondoa mvumo.

## Hatua ya 2: Badilisha nyuzi

Vipimo vyote vinavyofuata hutegemea nyuzi, ndiyo maana nyuzi hutangulia. Uzi uliochakaa hautoi noti thabiti, na ukiupima intonesheni utakuwa unarekebisha kosa la uzi kwa kuharibu daraja.

Nyuzi zilizoviringwa waya wa duara zina sauti angavu na zinafaa ukitaka kusikia kila kitufe kinafanya nini. Nyuzi bapa zina sauti nzito na fupi, na ndizo zilizotawala besi za umeme mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mimi humshauri anayeanza atumie za duara kwanza, kwa sababu ung'avu uliopo waweza kuupunguza kwa kitufe cha toni, lakini ung'avu usiokuwepo hakuna kitufe kisicho cha betri kitakachouleta.

Badilisha uzi mmoja mmoja ili shingo isilegee ghafla. Vuta uzi hadi kwenye kigingi chake, ongeza sentimita 10 hadi 12, ukunje pembe kali mahali hapo, kisha ndipo ukate mbele ya mkunjo. Ukikata kabla ya kukunja, waya wa nje unaweza kufunguka na uzi wote kuharibika. Ingiza ncha kwenye tundu la katikati ya kigingi na uviringe ukishuka chini, mizunguko miwili hadi mitatu.

Uzi wa A unahitaji uangalifu zaidi. Kwenye besi hizi kile kishikizo kidogo cha kichwani hubana D na G pekee, hivyo A hutegemea mizunguko yake kushuka hadi chini ya kigingi ili ukandamizwe vizuri kizingitini. Mizunguko ikiwa michache na iko juu, uzi wa A mtupu utalia kama mdudu aliyenaswa, nawe utadhani freti zimeharibika.

Ukimaliza, tuni E, A, D, G, vuta kila uzi taratibu kwa mkono, tuni tena. Umefaulu pale ambapo kuvuta hakubadilishi tuni.

## Hatua ya 3: Pima na urekebishe upinde wa shingo

Shingo haipaswi kunyooka kabisa. Uzi unapotetema huchora tumbo katikati, na shingo inahitaji upinde mdogo ili tumbo hilo lisigonge freti.

Weka kapo kwenye freti ya kwanza, bana uzi wa E kwenye freti ya mwisho, kisha pima nafasi iliyopo kati ya uzi na freti ya 8 kwa fila geji. Besi yenye ubao wa freti uliobinuka sana, kama zile za kale zenye nusu-kipenyo cha inchi 7.25, huanzia milimita 0.35. Zenye ubao bapa zaidi, inchi 9.5 hadi 12, huanzia milimita 0.3.

Nafasi ikizidi, kaza fimbo ya chuma iliyomo shingoni kwa kufuata mwelekeo wa saa. Ikipungua, legeza. Zungusha moja ya nane ya mzunguko, tuni upya, pima, ndipo uamue kama uendelee. Kila ukikaza, legeza nyuzi kwanza.

Kwenye besi nyingi zinazofuata kielelezo cha kale kwa uaminifu, nati ya fimbo hii iko upande wa mwili, imefichwa chini ya bamba la mbele ya mwili. Hapo utalazimika kulegeza nyuzi, kulegeza skrubu nne za nyuma ya shingo, na kuinua shingo kidogo ili bisibisi ifike. Ni kazi ya kuchosha, na ndiyo sababu wengi huiruka. Acha kapo ibane nyuzi wakati huo, vinginevyo zitafumuka vigingini.

Onyo: nati ikikataa kuzunguka kwa nguvu ya kawaida ya mkono, simama. Fimbo iliyokatika ndani ya shingo hugharimu shingo nzima.

Kwa wanaoishi pwani, shingo itabadilika msimu unapobadilika. Rudia kipimo hiki mvua za masika zinapoanza na zinapokwisha.

## Hatua ya 4: Weka kimo cha nyuzi

Ondoa kapo. Pima kutoka juu ya freti ya 17 hadi chini ya uzi. Kwa ubao uliobinuka wa inchi 7.25, anza na milimita 2.8 upande wa E na 2.4 upande wa G. Kwa ubao bapa, 2.4 na 2. Nyuzi za katikati zipande na kushuka kufuata mbinuko wa ubao.

Kimo hubadilishwa kwa vijiskrubu viwili vilivyo juu ya kila kikalio. Vizungushe vyote viwili sawasawa, kikalio kisiinamie upande mmoja.

Sasa piga kila noti kwa nguvu zako za kawaida. Uzi ukigonga freti za mwanzo tu, upinde wa shingo ni mdogo mno, rudi Hatua ya 3. Ukigonga freti za juu, inua kikalio. Ukigonga freti moja tu mahali pamoja, freti hiyo imeinuka na inahitaji fundi. Mgongano hafifu unaosikika besi ikiwa haijachomekwa, lakini hausikiki kwenye amplifaya, uache. Sauti ya besi nyingi zilizorekodiwa na kupendwa inao.

## Hatua ya 5: Intonesheni

Gusa uzi juu kabisa ya freti ya 12 bila kuubana, upate ule mlio wa kengele. Kisha ubane kwenye freti hiyo hiyo. Noti hizo mbili zinapaswa kusoma sawa kwenye kifaa cha kutuni.

Noti iliyobanwa ikiwa juu zaidi, rudisha kikalio nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Legeza uzi kabla ya kusogeza, tuni, pima tena. Kabla ya kuamini kipimo cha kwanza, bonyeza uzi kwa kidole mbele tu ya kikalio ili ukae vizuri. Uzi mpya mnene huacha mbinuko hapo na kudanganya kipimo.

Bana kwa nguvu unayotumia jukwaani. Mkono unaobana kupita kiasi huinua noti, na utahamisha vikalio bure.

## Hatua ya 6: Kimo cha pikapu

Hapa ndipo besi nyingi za bei nafuu huharibiwa, kwa sababu mwenyewe anataka sauti kubwa na kuziinua pikapu hadi zikaribie kugusa nyuzi. Sumaku iliyo karibu mno huuvuta uzi. Noti za juu kwenye uzi wa E huanza kuyumba kana kwamba zina noti mbili ndani yake, na mlio hufa mapema.

Bana uzi kwenye freti ya mwisho. Pima kutoka juu ya sumaku hadi chini ya uzi. Anza na milimita 3.2 upande wa E na 2.4 upande wa G, kwa pikapu zote mbili. Kila pikapu ina skrubu nne pembeni, na chini yake sponji inayoisukuma juu. Sponji ikiwa imezeeka na haisukumi, kata nyingine kutoka kwenye kipande cha godoro.

Kisha acha rula, tumia masikio. Fungua volyumu ya pikapu ya shingoni pekee, piga nyuzi zote nne, halafu ya darajani pekee. Karibu na daraja uzi hutetema kidogo, hivyo pikapu ya hapo huwa hafifu. Shusha ya shingoni kwanza. Ikiwa bado hazijalingana, inua ya darajani nusu milimita nusu milimita.

Umefaulu pale ukibadili kutoka pikapu moja hadi nyingine aina ya sauti inapobadilika lakini ukubwa wake unabaki karibu ule ule. Bila usawa huo, hatua inayofuata haitafanya kazi, kwa kuwa kuchanganya pikapu mbili ambazo moja inaimeza nyenzake si kuchanganya.

## Hatua ya 7: Jifunze vitufe vitatu

Kwa kawaida kitufe cha kwanza ni volyumu ya pikapu ya shingoni, cha pili ni ya darajani, cha tatu ni toni. Kabla ya yote, vizungushe kila kimoja mara kadhaa. Kikikwaruza, puliza spreyi ndani ya potensiometa yake na uendelee kuzungusha. Usikaze nati ya jeki (tundu la kuchomekea kebo) kwa nje bila kuishika jeki kwa ndani, maana nyaya zitajisokota na kukatika.

### Volyumu mbili zikiwa 10

Uzi mmoja unasomwa mahali pawili. Baadhi ya masafa ya kati hufika kwenye pikapu hizo yakiwa yamepishana na kufutana, hivyo sauti inayobaki ina besi na ung'avu, huku katikati pakiwa na shimo. Wakati huo huo mvumo wa umeme hutoweka, kwa sababu koili na sumaku za pikapu moja zimegeuzwa kinyume cha nyingine: mvumo unafutana, sauti ya nyuzi inajumlishwa.

Kwa kupiga kwa kidole gumba kwa mtindo aliouanzisha Larry Graham, hii ni sauti nzuri sana. Kwa mpiga besi wa kawaida ndani ya bendi yenye magitaa mawili na kinanda, shimo hilo la katikati ndilo linalommeza. Hii ndiyo sababu ya malalamiko tuliyoanza nayo.

### Shusha moja kidogo

Fanya zoezi hili mara moja na utaielewa besi yako. Toni iwe 10, volyumu zote 10. Piga G kwenye freti ya 3 ya uzi wa E, noti moja moja, bila kubadili nguvu. Sasa rudisha volyumu ya darajani polepole sana kutoka 10 hadi 7. Mahali fulani kabla ya 8 utasikia katikati pamejaa, na besi itaonekana kusogea mbele ingawa umepunguza. Rudisha 10, kisha rudia kwa kushusha ya shingoni: hapo katikati patajaa kwa namna nyingine, yenye kukoroma zaidi.

Mabadiliko makubwa hutokea katika sehemu hiyo ndogo ya mwanzo. Anayezungusha kitufe kwa haraka kutoka 10 hadi 3 hulipita eneo lote lenye faida, kisha husema vitufe havifanyi kitu.

Gharama yake ni mvumo: kadiri unavyoziachanisha volyumu ndivyo unavyorudi. Ukumbi wenye taa za tyubu au jenereta utakulazimisha urudi karibu na usawa. Geuka digrii 90 kutoka kwenye chanzo cha mvumo, na mara nyingi utapungua.

### Volyumu moja isipungue 10

Hii ndiyo kanuni ninayoishikilia kuliko zote kwa besi isiyo na betri. Ukishusha volyumu zote mbili ili kupunguza ukubwa wa sauti, ung'avu nao hupotea kwa kuwa upinzani wa potensiometa hushirikiana na kebo kuchuja masafa ya juu. Sauti hubaki kama imefunikwa blanketi. Punguza kwenye amplifaya, au punguza mkono.

### Toni

Kitufe hiki, kwa kawaida potensiometa ya kiloomu 250 na kapasita ya mikrofaradi 0.047, hupunguza tu, hakiongezi. Kwenye 10 kinapunguza kidogo kabisa. Kwenye 0 kinabakiza sehemu ya chini na ya kati ya chini.

### Mahali pa kuanzia

Kwa bendi ya dansi, shingoni 10, darajani 7, toni 6. Mstari wa besi katika rumba lazima usikike kama sauti ya mtu anayezungumza chini ya magitaa, na unahitaji katikati kuliko ngurumo.

Kwa rege, shingoni 10, darajani 0, toni kati ya 0 na 2, na kiganja kikigusa nyuzi kidogo karibu na daraja. Aston "Family Man" Barrett wa The Wailers alikuwa mpiga Jazz Bass, na anayedhani besi hii haiwezi kuwa nzito amsikilize. Kipande cha sponji kikipachikwa chini ya nyuzi mbele ya daraja kitafanya kazi ya kiganja.

Kwa sauti ya kuimba, ya noti ndefu na za haraka, darajani 10, shingoni 0 hadi 5, toni 5, na vidole vipige karibu na daraja. Jaco Pastorius aliifanya pikapu ya darajani kuwa sahihi yake, kwa besi isiyo na freti. Usitarajie uzito mwingi hapa.

### Wenye vitufe vya ghorofa mbili au betri

Jazz Bass za mwanzo kabisa, kuanzia 1960, zilikuwa na vitufe viwili vya ghorofa, kila pikapu na volyumu na toni yake, na matoleo ya kuiga yapo hadi leo. Faida yake ni kwamba unaweza kuifunga toni ya pikapu ya shingoni iwe nzito huku ya darajani ikibaki angavu kidogo, jambo lisilowezekana kwa toni moja. Anza na shingoni volyumu 10 toni 3, darajani volyumu 7 toni 8.

Besi ya betri iseti kwanza ekwalaiza yake ikiwa katikati. Chomoa kebo kila unapomaliza, kwani plagi ndiyo inayowasha betri, na sauti ikianza kupasuka badilisha betri kabla ya kumlaumu fundi mitambo.

## Hatua ya 8: Kebo, mixa na amplifaya

Kumbini na makanisani besi huchomekwa mara nyingi moja kwa moja kwenye laini ya mixa. Pikapu hizi hazina nguvu ya kuendesha ingizo la namna hiyo, na sauti hufifia na kuwa butu hata kama hatua saba zilizotangulia zimefanywa sawa. Tumia DI boksi (kisanduku kinachoitayarisha sauti ya besi kwa ajili ya mixa) yenye umeme wake, au ingizo la mixa lililoandikwa Hi-Z, yaani la ala kama besi na gitaa. Kebo ndefu nayo hula ung'avu, kwa hiyo urefu uwe baada ya DI boksi, si kabla yake.

Kwenye amplifaya weka ekwalaiza yote katikati. Spika ndogo haiwezi kutoa hertzi 41 kwa nguvu ya kueleweka. Msikilizaji huutambua uzi wa E kwa milio iliyo juu yake. Ndiyo maana kuongeza besi kwenye spika ya inchi 8 huitetemesha sanduku tu. Ukitaka kusikika, ongeza kidogo kati ya hertzi 250 na 800, na upunguze chini badala ya kupandisha.

Jaribu mwisho huku bendi nzima inapiga, na mtu mwingine akisimama mwishoni mwa ukumbi, kwani sauti inayopendeza ukiwa peke yako huwa na chini nyingi mno. Mpangilio ukikaa, chukua penseli uweke alama ndogo kwenye bamba karibu na kila kitufe, alama moja kwa kila aina ya muziki unaopiga, na uandike vipimo vya Hatua ya 3 hadi ya 6 kwenye karatasi itakayokaa ndani ya begi la besi, pamoja na tarehe ya kubadili nyuzi.